Maisha ya mwanamichezo wa taichi: kutoka Fujian na Sumatra, na somo lake kwa Habaswein

Habaswein ni mji wa Wajir Kusini, kando ya barabara ya kuelekea Wajir mjini. Jina lake kwa Kisomali lina maana ya vumbi kubwa, na aliyewahi kushuka hapo saa saba mchana haombi ufafanuzi zaidi. Mto Ewaso Ng'iro unapofika pande hizo huwa umechoka, unajimwaga katika kinamasi cha Lorian na kupotea. Maji ya matumizi ni ya visima. Jua likianza kulegea baada ya alasiri, vijana wa kiume hutoka na mpira. Wasichana wengi huwa wamekwisha kurudi nyumbani.

Sababu zinazotajwa ni zile zile tunazozisikia Garissa, Hola, Lamu na hata Mombasa. Uwanja uko wazi mbele ya watu. Jezi haisitiri. Kukimbia na kugongana na watu hakumpendezi mzazi. Basi ni vyema tukautazama mchezo mmoja ambao hauna mengi kati ya mambo hayo, unaochezwa kwa nguo ndefu, pasi na kumgusa mtu, katika eneo dogo kuliko ukumbi wa harusi. Mchezo huo ni taichi ya mashindano. Makala haya yanaeleza ni mchezo gani, mtu huupanda vipi hadi kuwa bingwa, unamgharimu nini, na mtoto wa Habaswein amepungukiwa na nini hasa ili aufikie.

Taichi ni nini

Wengi wetu tunaijua taichi kwa picha ya wazee wa Kichina wanaonyoosha mikono polepole bustanini asubuhi. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu. Jina kamili ni taijiquan, na neno la mwisho, quan, maana yake ni ngumi. Ni sanaa ya mapigano. Habari zake za kuaminika zinaanzia kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wenxian katika mkoa wa Henan, ambako ukoo wa Chen uliifundisha watoto wake tangu karne ya 17. Katika karne ya 19 mtu wa nje ya ukoo, Yang Luchan, alijifunza kwao kisha akaipeleka Beijing, na kutoka hapo ikagawanyika katika mikondo: Chen, Yang, Wu, Sun na mingineyo.

Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mtindo mfupi wa miondoko 24 ili raia wa kawaida aweze kujifunza kwa afya yake. Huo ndio unaochezwa na wazee bustanini. Desemba 2020 UNESCO iliiingiza taijiquan katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Taichi ya mashindano ni mtoto mwingine wa mama huyo huyo. Iko chini ya wushu, jina la jumla la michezo ya mapigano ya Kichina. Wushu ya mashindano ina matawi mawili makubwa. La kwanza ni sanda, ambapo watu wawili hupigana kweli kwa ngumi, mateke na kuangushana. La pili ni taolu, ambapo mchezaji huingia peke yake na kuonyesha mfululizo wa miondoko mbele ya waamuzi, kama msomaji wa Qurani anavyosimama peke yake mbele ya jopo kwenye mashindano ya tahfidhi. Taichi ni sehemu ya taolu. Huchezwa mikono mitupu, au kwa upanga mwembamba uitwao taijijian.

Waamuzi wanatazama nini

Mchezaji hupewa zulia la mita 14 kwa mita 8. Ana dakika tatu hadi nne. Alama ya juu kabisa ni 10, nayo imegawanywa sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ina alama 5, nayo ni usahihi wa miondoko. Kila kosa hukatwa: ukiyumba au ukisogeza mguu kutafuta mizani, unapoteza 0.1, ukijishikiza chini kwa mkono, 0.2; ukianguka, 0.3. Sehemu ya pili ina alama 3, ya uchezaji kwa jumla: nguvu, mpangilio, utulivu, na jinsi mwendo unavyokwenda sambamba na muziki. Sehemu ya tatu ina alama 2, ya miondoko migumu. Hapo ndipo mzee wa bustanini anapoachana na bingwa. Mchezaji hutoka katika mwendo wa polepole kabisa, huruka, huzunguka hewani mzunguko mmoja au mmoja na nusu, kisha hutua kwa mguu mmoja na kubaki pale pale kama nguzo.

Tukipiga hesabu, mtu anayeyumba kidogo mara tatu amekwisha kupoteza 0.3, na katika fainali za ngazi ya juu tofauti ya dhahabu na shaba huwa ndogo kuliko hiyo. Ndiyo maana wachezaji hurudia mfululizo mmoja kwa miaka. Wanajifunza kutoyumba.

Njia ya China: Gao Jiamin

Vijana waliokulia kwenye vibanda vya video wanamjua Jet Li. Kabla ya filamu alikuwa mtoto wa timu ya wushu ya Beijing, bingwa wa taifa mara kadhaa, na mwaka 1974 alikuwa katika kikosi cha watoto kilichoonyesha mchezo huo mbele ya Rais Nixon, Marekani. Filamu yake ya kwanza, Shaolin Temple, ilitoka mwaka 1982. Hakuokotwa njiani akicheza. Alitengenezwa na mfumo, na mfumo huo ndio uliowatoa mabingwa wa taichi.

Katika China kila mkoa una timu yake. Mtoto huchukuliwa mapema, akiwa bado shule ya msingi, na kupelekwa shule ya michezo. Asubuhi mazoezi, mchana masomo, jioni mazoezi. Akifaulu hupanda timu ya mkoa, na hapo hupewa malazi, chakula, mwalimu na posho. Mashindano yana ngazi: ya mkoa, ya ubingwa wa taifa, na Michezo ya Kitaifa inayofanyika kila baada ya miaka minne. Atakayeshika nafasi ya juu huenda kuiwakilisha nchi.

Mkoa wa Fujian, ulioko pwani ya kusini-mashariki, ulitoa majina mawili makubwa katika taichi. Chen Sitan alishinda upande wa wanaume wushu ilipoingia Michezo ya Asia kwa mara ya kwanza, Beijing 1990. Mwaka huo huo shirikisho la kimataifa la wushu liliundwa, na mwaka 1991 ubingwa wa kwanza wa dunia ukafanyika Beijing. Gao Jiamin, mwanamke wa mkoa huo huo, alitwaa dhahabu ya taichi katika Michezo ya Asia ya Hiroshima mwaka 1994, baada ya miaka mingi ya kutawala mashindano ya nyumbani. Alipomaliza kushindana alikwenda Marekani na kufundisha huko.

Njia ya Gao ndiyo njia ya wengi wao: utotoni shule ya michezo, ujanani timu ya mkoa, miaka michache ya medali, kisha ualimu hadi uzeeni. Katika mchezo huu tuzo za pesa si nyingi. Mwanamichezo anapostaafu, mali aliyobaki nayo ni elimu iliyo mwilini mwake, na elimu hiyo huuzwa kwa kufundisha.

Njia ya Sumatra: Lindswell Kwok

Kwa msomaji wa pwani, habari ya pili inaweza kuwa karibu zaidi na nyumbani. Lindswell Kwok alizaliwa tarehe 24 Septemba 1991, Sumatra Kaskazini, Indonesia, katika familia yenye asili ya Kichina. Nchi aliyozaliwa ndiyo yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, na wengi wao ni wa madhehebu ya Shafi, kama sisi. Masharifu wa Hadhramaut waliofika Lamu wana ndugu zao waliofika Java na Sumatra.

Ila Mchina wa Indonesia hakuwa na raha wakati huo. Tangu mwaka 1967 amri ya Rais Suharto ilizuia mila za Kichina zisionyeshwe hadharani. Ilikuwa ni mwaka 2000 ndipo Rais Abdurrahman Wahid, aliyejulikana kwa jina la Gus Dur, mwanachuoni aliyewahi kuongoza jumuiya kubwa ya Kiislamu ya Nahdlatul Ulama, alipoifuta amri hiyo. Lindswell alikuwa na miaka minane. Mtoto huyo alikuja kuinua bendera ya Indonesia kwa mchezo wa mababu ambao kizazi cha wazazi wake kingeogopa kuuonyesha barabarani. Na aliyefungua mlango alikuwa shekhe.

Mwaka 2009, akiwa na miaka 18, alishinda dhahabu katika ubingwa wa dunia uliofanyika Toronto, Kanada. Baadaye alilitwaa tena taji la dunia, na kukusanya dhahabu katika Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Lakini dhahabu ya Michezo ya Asia ilimkwepa. Incheon 2014, Korea Kusini, alipata fedha nyuma ya mchezaji wa China. Michezo hiyo huja kila baada ya miaka minne. Kwa mwanamichezo mwenye magoti yanayouma, miaka minne ni umri mzima.

Alisubiri. Tarehe 20 Agosti 2018, Jakarta, mbele ya watu wake mwenyewe, alicheza taichi ya mikono mitupu na ya upanga, na akashinda dhahabu. Ilikuwa dhahabu ya pili ya Indonesia katika michezo hiyo. Ya kwanza ilikuwa imepatikana siku moja kabla na Defia Rosmaniar, msichana wa taekwondo, katika mashindano ya kuonyesha miondoko bila mpinzani, akiwa amevaa hijabu yake. Nchi mwenyeji ilifunguliwa milango ya medali na wanawake wawili waliocheza peke yao, kila mmoja na mwili wake na mazoezi yake.

Baada ya michezo hiyo Lindswell alistaafu, akiwa na miaka 26 tu, goti likiwa limekwisha kumsumbua muda mrefu. Desemba mwaka huo huo aliolewa na Achmad Hulaefi, mchezaji mwenzake wa timu ya taifa aliyepata shaba Jakarta. Alikuwa amesilimu, na tangu hapo huonekana hadharani akiwa na hijabu.

Gharama yake: goti

Mzazi anayefikiria mchezo huu kwa mwanawe anafaa kuambiwa ukweli wote. Taichi ya bustanini ni laini kwa viungo. Ya mashindano si laini. Mchezaji hutembea akiwa amekunja magoti kwa dakika nzima nzima, kisha huruka na kutua kwa mguu mmoja, na uzito wote wa mwili hushuka katika goti moja linalozunguka. Akirudia hivyo mara mamia kwa wiki, tangu utotoni, goti huanza kudai haki yake. Hata Jet Li aliacha mashindano mapema kwa sababu ya majeraha.

Ndiyo maana mwalimu mzuri hamrushi mtoto kabla ya wakati. Miaka ya mwanzo ni ya kusimama, kunyoosha viungo, kutembea na kupumua. Kuruka kunakuja misuli ya mapaja ikiwa imekwisha kujengeka, na kunafanywa juu ya zulia laini. Mwalimu anayemfundisha mtoto kuruka juu ya sakafu ya saruji, au juu ya ardhi ngumu ya Habaswein, ili apate picha nzuri ya kutuma kwa simu, anamharibia mwana wa watu goti.

Mavazi na itikadi

Nguo ya taichi ni suruali pana hadi kifundoni na shati la mikono mirefu lenye kola. Ukiondoa kichwa, tayari imesitiri. Kuhusu kichwa, wanawake wa Iran wameshindana katika wushu kimataifa kwa miaka mingi wakiwa wamejifunika. Dada Elaheh na Shahrbanou Mansourian, waliokulia Semirom katika mkoa wa Isfahan, wamekuwa mabingwa wa dunia katika sanda, ambayo ni ngumu na kali kuliko taichi. Ikiwa hijabu haikumzuia mwanamke kupigana, haitamzuia kusimama kwa mguu mmoja.

Swali la pili ni la imani. Wako wanaosema taichi ni ibada ya watu wengine. Kweli, jina lake na baadhi ya maneno yake yametoka katika falsafa ya kale ya Kichina, na wako walimu wanaochanganya mazoezi na mambo hayo. Katika uwanja wa mashindano hakuna dua wala kusujudia kitu. Mchezaji husimama wima, huweka ngumi ya mkono mmoja kwenye kiganja cha mwingine kifuani, ikiwa ndiyo salamu kwa waamuzi, kisha huanza. Hukumu ya kisheria tuwaachie mashekhe. Lakini ni vizuri anayeuliza amweleze shekhe kile kinachofanyika uwanjani, asimweleze filamu.

Habaswein imepungukiwa na nini

Sasa turudi kwenye vumbi letu. Tukiweka kando kile kinachosemwa na tukatazama kinachohitajika, orodha ni fupi. Eneo la mita 14 kwa 8 liko katika kila shule yenye ukumbi au bwalo la chakula, na bwalo hilo huweza kufungwa milango wasichana wafanye mazoezi kwa faragha. Maji mengi hayahitajiki wala nyasi haihitajiki. Hakuna mpira wa kununua kila mwezi. Mwili wa mtoto wa kule, mrefu, mwepesi na uliozoea kutembea, hauna kasoro yoyote.

Kinachokosekana ni mwalimu na ngazi. Gao Jiamin alikuwa na mwalimu kila siku na mashindano kila mwaka. Lindswell alikuwa na chama cha taifa kilichompeleka Toronto akiwa msichana wa miaka 18. Mtoto wa Habaswein akijifunza kwa video za simu anaweza kuiga miondoko, lakini hakuna wa kumwambia kwamba goti lake limeingia ndani. Na hata akiwa hodari, hajui mashindano ya kwanza yako wapi.

Katika nchi yetu ngazi hiyo ina wenyewe. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la shughuli na vifaa vya michezo katika maeneo yao. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka vyama vya michezo visajiliwe kwa Msajili wa Michezo. Kwa hiyo mzazi au mwalimu mkuu anayetaka jambo hili lianze ana milango miwili ya kubisha: idara ya michezo ya kaunti, na chama kilichosajiliwa. Kabla ya kulipa hata shilingi kwa mtu anayejiita mwalimu wa taichi, amwulize: umesajiliwa wapi, umefundishwa na nani, na mwanafunzi wako wa mwisho alishindana wapi?

Mfano wa ngazi iliyofanya kazi tunao hapa hapa Kenya. Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii huko Bungoma, alifuzu kwenye mashindano ya Afrika mjini Rabat mwaka 2020 na akaiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo. Kibabii si Nairobi. Palikuwa na mwalimu, palikuwa na timu ya chuo, na palikuwa na mashindano ya kwenda. Katika michezo hiyo hiyo ya Tokyo, Ramla Ali, aliyezaliwa Mogadishu na kukimbia vita na familia yake kupitia Kenya kabla ya kufika London, alipanda ulingoni kwa jina la Somalia, akiwa wa kwanza kuiwakilisha nchi hiyo katika ndondi za Olimpiki. Kwa hiyo msichana wa Kisomali katika michezo ya mapigano si jambo la kubuni.

Upande wa wushu, dirisha lipo. Kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 mchezo huu ulichezwa pembeni tu, bila kuhesabiwa rasmi. Kuingia katika programu ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ambayo ndiyo mashindano ya kwanza ya Olimpiki kupangwa katika ardhi ya Afrika, ni hatua kubwa kwake. Hiyo ni michezo ya vijana wasiozidi miaka 17. Mtoto ambaye leo yuko darasa la nne hawezi kuiwahi Dakar, lakini anaweza kuziwahi nyingine, iwapo ataanza sasa na si akiwa kidato cha tatu.

Kaunti zinaposoma bajeti zao, fungu la michezo huishia mara nyingi kwenye ukuta na jukwaa la uwanja wa mpira. Viwanja ni vizuri. Lakini zulia moja, mwalimu mmoja aliyesajiliwa anayezunguka shule tatu, na nauli ya mashindano mawili kwa mwaka ni gharama ndogo mbele ya ukuta huo, na vingewafikia wasichana ambao uwanja wa mpira haujawafikia. Wazazi wa Habaswein wana haki ya kuuliza swali hilo wakati maoni ya bajeti yanapokusanywa. Wa Garissa, Hola na Lamu pia.